Perth na Rottnest: bahari yetu ile ile, ila jua linazama majini

Sisi watu wa Mombasa tumezoea jua litoke baharini, lizame upande wa bara. Nilipokaa ufukweni Cottesloe, Perth, magharibi mwa Australia, mwezi wa Januari, nikaliona likishuka kwenye Bahari hii hii ya Hindi karibu saa moja na nusu, wakati ambao kwetu magharibi ishaswaliwa na watu wangoja isha. Nilijihisi kama nimevaa shati nje-ndani. Sikulipa hata senti, na kati ya yote niliyoyaona siku tisa nilizokaa kwa dadangu, hilo ndilo nililolipenda zaidi.

Kilichokula pesa ni Rottnest. Kisiwa hiki kiko kama kilomita 19 kutoka Fremantle, mji wa bandari jirani na Perth. Sisi tukafanya kosa la kupanda feri katikati ya jiji. Inashuka mto Swan taratibu, saa moja na nusu nzima, na nauli yake ni kubwa zaidi. Panda treni hadi Fremantle, nusu saa, kisha feri nusu saa nyingine, basi.

Kule magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Unakodi baiskeli, na helmeti ni lazima kisheria. Yangu ilitoka mnyororo mara tatu kwenye mlima mmoja. Ijaribu kabla hujaondoka nayo. Kuna tena upepo wa alasiri utokao kusini-magharibi, ambao wenyeji wanauita Daktari wa Fremantle kwa jinsi unavyowapoza na joto. Ukiwa umekaa kivulini ni daktari kweli. Ukiwa juu ya baiskeli unaelekea magharibi, ni adui. Mwenye magoti mabovu apande basi la kuzunguka kisiwa, hakuna aibu.

Kwoka ndio wanaoleta watu. Mnyama mdogo kama paka, uso wa panya, mwendo wa kangaruu, na mtoto hubebwa mfukoni. Mmoja alikuja hadi viatuni mwangu, nikanyoosha mkono. "Mjomba, usimguse, utatozwa faini!" mpwa wangu akanipigia kelele mbele za watu. Kumbe hata kuwalisha ni marufuku. Mholanzi Willem de Vlamingh alipofika hapa mwaka 1696 aliwadhania panya, ndipo kisiwa kikaitwa Rottnest, yaani kiota cha panya.

Lakini wenyewe Wanoongar, wenyeji wa asili wa pande hizi, wanakiita Wadjemup, na hapa ndipo raha iliponitoka. Kuanzia mwaka 1838 hadi 1931 palikuwa gereza la wanaume na wavulana wa Waaborijini, karibu 4,000, waliosombwa kutoka kila pembe ya Australia Magharibi. Zaidi ya 370 walifia huko na kuzikwa bila alama. Jengo lao la gereza likaja kugeuzwa vyumba vya wageni wa likizo hadi 2018, na juu ya makaburi watu walipiga mahema miaka na miaka. Nilisimama pale na koni ya aiskrimu mkononi, nikashindwa kuimaliza. Wengi wanapita na baiskeli zao wakiwafuata kwoka. Ukienda, simama.

Fremantle mjini kunatosha siku nzima. Jela yake ilijengwa na wafungwa wenyewe miaka ya 1850, ikafungwa 1991, na tangu 2010 ni urithi wa dunia, mwaka mmoja kabla ya Fort Jesus yetu, ambayo nayo Waingereza waliifanya jela. Ziara ya mahandaki, mita 20 chini ya ardhi, ni kwa asiyeogopa giza. Mimi nilibaki juu.

Jumba la makumbusho la meli zilizozama halina tiketi, unatoa mchango upendao. Humo mna ubavu wa meli Batavia ya Waholanzi, iliyopasukia miambani mwaka 1629. Mabaharia wale walisukumwa kuelekea mashariki na pepo za magharibi zivumazo kusini mwa bahari hii, hawana njia ya kupima wameenda umbali gani, wakapitiliza mahali pa kukunja kwenda kisiwa cha Java. Nilizizunguka mbao zile mara mbili. Ukitoka, nunua samaki na chipsi bandarini, lakini ule umeziinamia: shakwe wa pale ni wezi kuliko kunguru wa Kongowea.

Soko la Fremantle, la tangu 1897, nililipita haraka. Bei za watalii.

Siku ya mwisho dadangu alinipeleka Kings Park, bustani kubwa juu ya mlima, kuingia bure. Nikaona mbuyu! Si wetu hasa, ni binamu yake wa Australia, lakini tumbo ni lile lile. Huu ulibebwa kwa lori mwaka 2008 kutoka Warmun, zaidi ya kilomita 3,000 kaskazini, tani 36, na umri wake hukadiriwa miaka 750. Dadangu, miaka kumi na moja hajarudi nyumbani, akaniambia safari ijayo nimletee mabuyu ya sukari, yale mekundu. Nikamwambia ataniponza uwanja wa ndege: kule hata njugu za mfukoni sharti uzitangaze.