Darasa la losheni Mombasa: nimelipa, nikapata ukungu na matusi juu yake

Leo nalitema donge. Kuna bi mmoja hapa Mombasa anafundisha kutengeneza losheni nyumbani. Nilijiandikisha msimu wa kaskazi, na hadi sasa nikikumbuka alivyonijibu damu inanichemka.

Sisemi hajui kitu, mkono anao. Alituonyesha kuyeyusha mafuta ya shea kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, akatia nta ya nyuki na mafuta ya nazi, chumba kizima kikanukia. Shida ni losheni yenyewe, ile ya majimaji, ambayo ndiyo tuliyolipia. Ndani yake alimimina maji ya waridi mengi kuliko mafuta. Nikamuuliza kwa adabu, "Mwalimu, kihifadhi tunatia saa ngapi?" Akanijibu mbele ya wenzangu kwamba vitu vya asili haviozi, hizo ni kemikali za viwandani.

Haviozi? Tui la nazi ukiliacha mezani asubuhi, jioni limechacha. Hilo si la asili? Mafuta ya nazi hukaa kwa sababu tui limechemshwa mpaka maji yote yakaisha. Penye maji ndipo bakteria na ukungu wanapopata pa kuzaliana, na joto letu hili linawasaidia.

Basi ile losheni haikukaa. Nilifungua kopo nikaona madoa ya kijani yamejishika chini ya kifuniko, na maji yamejitenga na mafuta. Ile harufu ya waridi imegeuka kama ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Na hiyo ndiyo niliyokuwa nimpake mwanangu mchanga!

Nikampelekea picha kwa WhatsApp, kwa salamu na heshima zote. Jibu akaliweka kwenye kundi la wanafunzi, kila mtu aone: "Dada, usafi huanzia nyumbani kwako." Mimi niambiwe mchafu! Makopo niliyachemsha, nikayakausha, nikayapangusa kwa spiriti, kidole sikutia ndani. Wenzangu kadhaa wakanitumia picha zao pembeni, madoa ni yale yale, lakini kundini hakuna aliyefungua mdomo. Nilipomjibu, akanitoa.

Nilitaka kumpa nyota tatu, maana ule mchanganyiko wa mafuta matupu, usio na tone la maji, naupaka mpaka leo na visigino vyangu vimelainika kweli. Kwa somo hilo peke yake ningesema nendeni. La, msiende. Mtu anayewauzia watu kitu cha kupaka watoto, kisha kikioza anawatukana, hafai kufundisha.

Nta ya nyuki peke yake haishikanishi maji na mafuta, inatakiwa emalsifaya, yaani kiungo cha kuyashikanisha yasijitenge. Kihifadhi nacho hutiwa kidogo sana, kwa mizani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na vingi hutiwa losheni ikishapoa. Haya nimeyajua baadaye, kwa kuuliza watu wengine, bure. Yeye yangemchukua dakika chache tu kutueleza, na pesa alishapokea.

Nyota moja. Nimemwandikia anirudishie pesa zangu kwa M-Pesa. Ameusoma ujumbe, kimya. Bi, kama unasoma na hapa, namba yangu unayo.