Masomo ya Jumamosi ya baiolojia, Mwanjelwa: mwalimu hodari, notisi mbovu

Mwanangu wa kidato cha tano anasoma masomo ya ziada katika kituo kimoja karibu na Soko la Mwanjelwa, Mbeya, na Jumamosi iliyopita niliomba kukaa nyuma ya darasa, kwa kuwa mada ilinivutia: jinsi seli za neva zinazokua katika kiinitete zinavyojua pa kwenda.

Mwalimu anaijua kazi yake. Alileta sahani ya jeli aliyoigandisha tangu Alhamisi (kwa baridi ya Julai hakuhitaji friji) na kuidondoshea rangi ya chakula ukingoni Ijumaa jioni. Asubuhi rangi ilikuwa nzito ukingoni, ikififia kadiri ilivyoelekea katikati. Akieleza huku kidole kikitembea juu ya jeli, alisema kwamba ncha ya akzoni (uzi mrefu unaochipuka kutoka seli ya neva), ambayo mwanasayansi Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890, hunyoosha vijidole vyake pande zote, hupima ni upande upi wenye kemikali nyingi zaidi, kisha hukata kona. Kinachoiongoza ni tofauti ya upande mmoja na mwingine, kama mtu anayegeuza pua huku na huko akitafuta nyumba inayopika mchele wa Kyela. Mfano wake wa kemikali hiyo ulikuwa protini iitwayo netrini, iliyopewa jina hilo mwaka 1994, inayovuta akzoni za uti wa mgongo kuelekea mstari wa kati.

Mwanangu akauliza kwa nini akzoni ikifika katikati haibaki hapo. Jibu lilikuwa sentensi moja, ilhali lilistahili nusu ya kipindi: mahali hapo hapo hutolewa pia protini iitwayo Sliti, na akzoni ikishavuka huanza kuihisi kwa kipokezi chake kiitwacho Robo, ikafukuzwa isirudi. Vilevile hakugusia majaribio ya panya ya mwaka 2017, ambayo netrini ya mstari wa kati iliondolewa na akzoni nyingi za ubongo wa nyuma zikafika vilevile, kwa sababu netrini inayotolewa na seli zilizo njiani ndiyo iliyohitajika zaidi.

Notisi ndizo zilizoniudhi. Nililipia shilingi 2,000 kwa nakala za rangi, nikapewa fotokopi ambazo mteremko wa kemikali (kutoka nzito hadi hafifu) umekuwa doa jeusi, usijue upande upi mzito. Msimamizi akaniambia, "Mzee wangu, wino umeisha, pitia wiki ijayo." Masomo nitaendelea kuyalipia, notisi nitaomba zitumwe kwa simu, nizichapishe kwingine.