Uzoefu wangu na Vim: mwendo wa kishale ndio unaoamua kinachofutwa

Kwa miaka sita sasa nimehariri miswada ya Kiswahili kwa Vim, programu ya kuhariria matini iliyotolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi, na kilichonifanya nidumu nayo ni namna inavyofuta maandishi. Ukiwa katika hali ya kawaida, ambamo herufi unazobonyeza ni amri wala haziandikwi, herufi d peke yake haifuti kitu: programu hungoja uiambie kishale kiende wapi, kisha huondoa kilichomo baina ya mahali kilipo na mahali ambapo kingefika.

Tuseme mstari unasomeka "Wageni wote walifika mapema" na kishale kipo kwenye herufi ya kwanza ya "walifika". Amri ya dw hufuta neno hilo pamoja na nafasi inayolifuata, kwa kuwa mwendo wa w huishia kwenye m ya "mapema" na herufi hiyo huachwa. Amri ya de huishia kwenye herufi ya mwisho ya neno na kuifuta nayo, lakini nafasi mbili hubaki zimeandamana. Kwa upande wa kurudi nyuma, db haigusi herufi iliyo chini ya kishale, ndiyo maana ukiitumia ukiwa mwishoni mwa neno hubakiwa na herufi moja. Kwa kazi yangu, amri ninayoithamini kuliko zote ni dt ikifuatwa na alama ya mkato, ambayo hufuta hadi karibu na mkato na kuuacha, ilhali df huuondoa pia.

Miendo ya juu na chini ina kanuni nyingine, nayo ndiyo iliyoniumiza mwanzoni. Mwendo wa j hushika mistari mizima, kwa hiyo dj huondoa mstari ulipo na ule wa chini yake, popote pale kishale kiliposimama. Katika mswada wa hadithi, ambamo kila aya ni mstari mmoja mrefu uliokunjwa tu kwenye skrini, nilibonyeza dj nikitaka kupunguza maneno machache, na aya mbili nzima zikatoweka. Herufi u ilizirudisha mara moja, lakini nilishtuka sana. Tangu hapo hutumia dgj, ambayo hufuata mistari kama inavyoonekana kwenye skrini na kufuta kuanzia kishale kilipo.

Jambo ambalo mwandishi wa Kiswahili anapaswa kulijua mapema ni la ritifaa. Kwa mpangilio wa awali, Vim haiihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno, hivyo "ng'ombe" kwake ni vipande vitatu, na dw mwanzoni mwa neno hilo hufuta "ng" tu na kukuachia 'ombe. Kwa herufi kubwa, yaani dW, neno hukatwa kwa kufuata nafasi na lote huondoka, ila alama ya mkato iliyoshikana nalo huenda nalo pia. Suluhisho lililonifaa ni kuandika :set iskeyword+=39 katika faili la mipangilio, maana 39 ndiyo namba ambayo kompyuta huitambulia ritifaa iliyonyooka. Sasa nikiwa popote ndani ya "ng'ombe" au "ng'ara", daw huliondoa neno zima pamoja na nafasi yake, na nukta moja hurudia amri ileile kwenye neno jingine. Gharama yake ni kwamba neno lililonukuliwa kwa alama moja moja huhesabiwa pamoja na alama zake, jambo ambalo kwangu ni dogo.

Programu haiuzwi. Inapofunguliwa bila faili huomba msaada kwa watoto wa Uganda, kwa ajili ya kituo cha Kibaale kilicho kusini mwa nchi hiyo, nami nafurahi kwamba ombi hilo limeelekezwa kwa majirani zetu.

Kwa anayeanza, ningependekeza abonyeze kwanza mwendo peke yake, aone kishale kinapotua, arudi alipokuwa, ndipo atangulize d. Akumbuke tu kwamba mwishoni mwa mstari w pekee huruka hadi mstari wa chini, ilhali dw huishia pale neno la mwisho linapoishia.