stat au lstat kwenye kufuta folda ya build?

Hapa ndo watu wengi wanaumia. stat na lstat ni amri mbili za kuuliza mfumo kitu fulani ni faili, folda au nini. Skripti ya kusafisha folda ya build (folda ya matokeo ya programu, mfano dist) ikitumia stat inafuata simlinki (kiungo kinachoelekeza faili au folda nyingine) mpaka inakoelekea, yaani ikikuta dist/picha inayoelekeza ../picha inaambiwa hii ni folda, inazama ndani na kufuta picha zako orijino. lstat yenyewe inaiona simlinki kama simlinki, unaitoa kwa unlink (amri inayofuta kiungo chenyewe tu), picha zinabaki. Mi kwenye kufuta natumia lstat tu, sibishani. Ila nayo ina mwanya, mtu anaweza kugeuza folda iwe simlinki katikati ya kukagua na kufuta, hata lugha ya programu ya Rust ilinaswa hapo kwenye remove_dir_all, fankisheni yake ya kufuta folda na vyote vilivyomo, wakarekebisha toleo 1.58.1 mwaka 2022, kwa hiyo fungua folda kwa openat (amri ya kufungua kitu kutoka ndani ya folda uliyoishikilia tayari) na O_NOFOLLOW, inayokataa kufungua kama ni simlinki.