Labo ya kupima kuganda kwa damu pale Nyawera: muende, lakini asubuhi

Kama munganga amekuandikia INR (namba ya kuonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani) ama D-dimer (ya kutafuta donge la damu) na uko Bukavu, ile labo ndogo ya Nyawera, ya juu ya famasi, mi naipa nne kwa tano. Mama yangu damu iliganda ndani ya mguu, sasa anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, njo maana pale batu banatujua kabisa.

Mashini yao iko ya kawaida tu, kilichonipendeza ni tubu. Yule dada anayetoa damu akiona tubu ya kifuniko cha bulu haijafika kwenye mstari anaitupa anachukua ingine, hata ukinung'unika, na ana haki, maana mule ndani kuna sitrate inayoshika kalsiamu ili damu isigande njiani, inatakiwa sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrate, damu ikipunguka mashini inasema inachelewa kuganda kumbe uongo, halafu munganga anapunguza dawa bure na mguu unavimba tena. Kule tulikokuwa tunaenda mbele walikuwa wanajaza nusu, eti itatosha tu!

Wakishazungusha tubu kwenye santrifiji wanachukua plasma ya juu, ile ya manjano, wanaipasha mpaka digrii 37, wanaweka tromboplastini (kitu cha kuanzisha kuganda) na kalsiamu, wanahesabu sekunde mpaka igande, njo wanapata INR. Mtu mzima wa afya ni kama 11 mpaka 13 hivi, ya mama lazima ichelewe, INR yake munganga anataka iwe kati ya 2 na 3. Siku ilipanda kupita 4 walitupigia simu karatasi hata haijatoka, muende kwa munganga leo leo, asije akavuja damu. Hapo nikawaheshimu.

D-dimer sasa, ni vipande vinavyobaki mwili ukivunja donge la damu. Ikiwa chini ya nanogramu 500 kwa mililita (wazee wanaongezewa kidogo) inasaidia munganga kuondoa wasiwasi, ikiwa juu haimaanishi lazima uko na donge, hata mimba, maambukizi ama operesheni vinaipandisha. Karatasi yao haisemi hiyo, mtu anaona alama nyekundu anaanza kulia koridoni, jamani muandike hata sentensi moja!

Bei iko kwa dola, ukilipa franka wanakupigia kiwango chao. Na mchana umeme ukienda jenereta inachelewa, INR inaweza kungoja, ila TCA (kipimo kingine cha kuganda) ya mtu wa heparini, dawa ingine ya kuzuia damu isigande, haingoji. Mukienda mubebe na karatasi za zamani, wanalinganisha.