Karakana ya Majengo, Mombasa, waliofufua jiko letu la chuma la zamani: kazi safi, ila pesa ya chimni (bomba la moshi) msiibanie

Haya, wale wote mnaoniuliza lile jiko jeusi la uani kwangu limetengenezwa na nani na limenigharimu ngapi, naandika yote hapa kwa pamoja, na ntaandika kirefu manake kazi yenyewe ina mambo ndani yake na nisingependa mtu aharibiwe jiko lake la urithi kwa kukosa kuambiwa.

Jiko ni lile la kizungu la makaa ya mawe, la chuma cha kasti (kile cha kuyeyushwa na kumiminwa), lina miguu mifupi minne, juu kuna vifuniko vya duara vya kuondoa kwa ndoana, kushoto mlango wa moto, kulia oveni, chini trei ya majivu. Wazee wanayaita Dover. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alilitoa kwenye nyumba moja ya watu wa reli Makupa, na tangu hapo limekaa tu chini ya mwembe, watoto wanalikalia, kuku wanataga ndani ya oveni. Sasa chuma kukaa nje Mombasa hii yenye hewa ya chumvi mnajua vile kinakuwa, kutu imekula bolti zote, mlango haufunguki, ule wavu wa chini unaobeba makaa umekatika, na ubavuni kuna ufa mrefu kama shubiri moja. Mume wangu alishataka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Mimi nikakataa kabisa, ningeliuza ningelipata wapi tena, haya yalikuja kwa meli enzi za reli ile iliyoanza kujengwa hapa kwetu 1896 ikafika Kisumu 1901, na viwanda vya Uingereza na Scotland vilivyokuwa vikiyatoa kwa wingi vingi vishafungwa, spea haziko dukani.

Kabla ya kufika Majengo tulipitia kwa fundi mmoja wa kuchomelea, simtaji, akaangalia ule ufa akasema leteni hapa niupige weldingi dakika kumi tu umekwisha. Nashukuru hatukumwachia. Kasti si chuma cha kutengenezea geti. Kina kaboni nyingi ndani, asilimia mbili mpaka nne hivi, ndo maana ni kigumu lakini kinavunjika badala ya kupinda, ukikichoma sehemu moja na moto wa weldingi ya kawaida pale panapanuka, kwengine kote kuko baridi, kikipoa unasikia ta! ufa mpya umefunguka pembeni ya ule uliouziba.

Fundi wa Majengo (mzee kidogo, ana vijana wake wanamsaidia, wote wenyeji) hata hakugusa mashine siku ya kwanza. Alichukua nyundo ndogo akawa anagonga jiko taratibu kila upande huku ametega sikio. Pale penye uzima chuma kinalia kama kengele, pale penye ufa mlio unakufa, unasikia du. Halafu akaniambia, "Mwanangu, ufa uliouona wewe ni mmoja, mimi nasikia miwili, ngoja nikuonyeshe." Akapaka mafuta ya taa ile sehemu nyingine karibu na bawaba ya oveni, akaacha kidogo, akafuta mpaka pakakauka, kisha akasugua chaki nyeupe juu yake. Walai baada ya muda ukajichora mstari mwembamba mweusi juu ya chaki, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yanatoka pole pole, mpaka unauona mwanzo na mwisho wake. Pale pale nikajua hapa tumefika kwa mwenyewe.

Nyufa zote mbili zilikuwa upande wa oveni, si penye moto wenyewe, kwa hivo alisema ataziunga kwa brasi (shaba njano) kwa moto wa gesi, zingekuwa kwenye kisanduku cha moto angetumia rodi za nikeli manake pale joto ni kali mno kwa brasi. Kwanza alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, akalilaza lile bamba zima juu ya makaa likapata joto lote sawasawa, ndo akaunga, na akimaliza tu akalifukia kwenye majivu makavu lilale humo mpaka kesho yake lipoe polepole. Wavu uliokatika hakuutengenezea nondo kama vile wengi wanavyofanya, nondo ikikaa kwenye moto mkali inapinda na kuliwa haraka, aliunganisha vile vipande vya zamani akavitumia kupiga chapa kwenye mchanga na kusubu mpya wa kasti. Huo wavu peke yake umefaa pesa yote.

Jambo jengine lililonifanya nimheshimu. Kwenye mlango wa moto kulikuwa na kamba chakavu nyeupe nyeupe ya kuziba, kijana wake akataka kuikwangua na brashi ya waya, mzee akamkemea kwa sauti, akasema majiko ya umri huu kamba yake inaweza kuwa ya asbestosi, vumbi lake likiingia kifuani halitoki na maradhi yake yanakuja kuonekana baada ya miaka mingi. Akailowesha maji kwanza, akavaa barakoa, akaitoa mbichi, akaifunga kwenye mifuko miwili na kuiweka mbali na taka nyengine. Mpya aliyoweka ni ya faiba glasi. Na namna ya kujua mlango umeziba vizuri ni rahisi, unaweka kipande cha karatasi unafunga mlango juu yake, unakivuta, kikitoka kwa urahisi basi bado hapajaziba. Alizunguka mlango wote na karatasi yake mpaka akaridhika.

Kutu ilitolewa kwa brashi ya waya na msasa, bolti zilizogoma zikapashwa moto na kutiwa mafuta, zilizokataa kabisa zikatobolewa. Ndani ya kisanduku cha moto akapanga matofali mapya ya kuhimili moto kwa saruji yake maalum. Rangi ni ile nyeusi ya grafaiti ya majiko, si rangi ya mafuta ya dukani, hiyo ya kawaida ikipata moto inababuka na kunuka nyumba nzima. Bamba la juu hakulipaka rangi kabisa, alilipaka mafuta ya alizeti membamba sana na kulichoma, mara kadhaa hivo hivo, likawa jeusi la kung'aa na halishiki kutu hata kukiwa na unyevu wa masika.

Sasa chimni. Hapa ndo nawaomba msikilize, manake nimeona watu wanalipia jiko ling'ae halafu chimni wananunua kipande cha bati wanatoboa ukuta mwisho. Mimi jiko lilinitoka sh 26,000 na chimni pamoja na kufunga sh 21,500, mume wangu aliguna, lakini ningeambiwa nipunguze pesa mahali ningepunguza kwenye rangi na si hapo. Jiko bila chimni ya kuvuta vizuri linarudisha moshi ndani, na moshi unaouona si ndo wa hatari zaidi, hatari ni ile hewa ya kaboni monoksaidi ya makaa, haina rangi wala harufu, mtu anasikia kichwa kizito na usingizi, akilala haamki. Kila mwaka tunazika watu Kenya hii kwa sababu ya kulala na jiko la makaa chumba kimefungwa.

Fundi alikuja mwenyewe kuangalia uani kabla ya kukata bomba. Swali lake la kwanza lilikuwa kusi inapiga kutoka upande gani wa nyumba na kaskazi inapiga wapi, manake upepo ukishuka kwenye bomba unasukuma moshi kurudi chini. Kwa hivo juu aliweka kofia inayokinga pande zote mbili na mvua pia, na bomba likapandishwa futi tatu juu ya pale linapotokea paani na likazidi kwa futi mbili kila kitu kilicho karibu nalo ndani ya futi kumi, ikiwemo paa la jirani. Kona ni mbili tu na zote za kulala kidogo, hakuna ya mraba, kila kona inapunguza mvuto na inakusanya masizi. Linapopita kwenye mabati na kenchi za mbao kuna bomba jengine kubwa kwa nje na nafasi katikati, mbao haziguswi na joto, na juu paani kuna bati la kuzuia maji limezibwa na silikoni ya kustahimili joto. Mvua za mwezi wa nne na wa tano zimepita, tone halikuingia.

Jiko lenyewe limekaa futi tatu mbali na chochote cha mbao. Mtu wa nyumba ya makuti tafadhali usijaribu, cheche moja inatosha, jengeeni banda la mawe na mabati kando. Na wenzetu wa Mji wa Kale kabla hamjatoboa ukuta au paa ulizeni kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho, kule nyumba haziguswi ovyo.

Siku ya kujaribu alifanya kitu nilichokipenda mno. Kabla ya kutia moto alinitaka chetezo, akatia ubani mwingi, akakiweka ndani ya jiko, akafunga milango yote na kuziba bomba kwa muda, tukakaa kutazama moshi unapenya wapi. Ukatoka uzi mwembamba penye kiungo cha nyuma, akapaziba, akarudia, safari hii hakuna kitu. Alipofungua bomba, ubani wote ukavutwa juu. Halafu ndo moto, na si mkubwa, moto mdogo wa vijiti, ukapoa, siku ya pili mkubwa kidogo, hivo hivo, ili ile saruji ikauke bila kupasuka. Usimwagie maji jiko likiwa la moto, alinisisitizia hilo zaidi ya mara moja, litapasuka.

Makaa ya mawe yenyewe rejareja sijayaona yakiuzwa hapa Mombasa, yale yanayoshuka bandarini ni ya viwanda. Mimi natumia makaa ya kawaida na makaa ya vifuu vya nazi, na ya vifuu ndo mfalme, moto wake ni mkali na unakaa, jivu lake dogo. Vifuu vyenyewe visivyochomwa usitie, vinawaka kwa ndimi kubwa na masizi meusi yanayoziba bomba. Kitu cha kuzoea ni hewa, kile kilango cha chini cha majivu ndo breki na ndo mafuta, ukikifungua moto unapanda, ukikibana unatulia, na kile kibao cha ndani ya bomba ukishakibana sana usiondoke ukakiacha makaa bado mekundu.

Mkate wa kumimina ndani ya oveni hii jamani, sina maneno. Hakuna tena kupalia makaa juu ya kifuniko na kuogopa jivu kuanguka ndani, joto linazunguka lenyewe, unapanda na kuwa na rangi ya dhahabu juu na chini. Upande wa kushoto ulio karibu na moto unawahi, basi katikati ya kuoka nageuza sinia mara moja. Biriani naweka kwenye kona ya bamba ile ya mbali na moto ipate dam (iive kwa mvuke wake) taratibu. Ramadhani iliyopita nilichukua oda za mikate ya watu mpaka nikaanza kukataa.

Yasiyonifurahisha ni mawili. Siku. Fundi akikwambia wiki ijayo usimwambie mtu yeyote, manake kazi yake haharakishi na pia anachukua kazi nyingi, mimi nilisubiri zaidi ya mara mbili ya muda tuliokubaliana, na simu hapokei akiwa kazini. Na bawaba ya oveni ililegea baada ya kuanza kutumia, ila alikuja akairekebisha bila kudai hata senti. La joto si lake, lakini mjue, miezi ya kaskazi wakati wa jua kali ukiwasha jiko hili mchana hukai jikoni, liwekeni uani penye hewa, mimi napika alfajiri au baada ya alasiri.

Nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu imekwenda kwa siku. Ukienda nenda asubuhi, Ijumaa hufunga mapema kwa swala, piga picha za jiko kila upande uende nazo kabla hujalipia mkokoteni, na mwambie mapema kwamba unataka chimni pia ili aje apime paa kwanza. Risiti itabidi umwombe. Kusafisha bomba anarudi mara moja kwa mwaka kwa sh 1,500 ukiwa kisiwani, Likoni na Kisauni mnaongeza nauli yake.