Uzoefu wangu: upasuaji wa mgongo nikiwa na miaka 72, na kurudi tena kwa watu

Ninaandika haya miezi 14 baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupanua mfereji wa uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, kati ya pingili ya nne na ya tano. Nimesoma maelezo mengi ya wazee wenzangu waliopitia upasuaji kama huu, na karibu yote yanahusu maumivu: yalikuwa makali kiasi gani kabla, na yamebaki kiasi gani sasa. Mimi nataka kueleza jambo ambalo sikuelezwa na mtu yeyote, yaani namna ya kurudi miongoni mwa watu baada ya mgongo kupata nafuu.

Ugonjwa wangu ni ule unaowapata wengi waliovuka miaka 60. Kadiri umri unavyosonga, viungo na kano za uti wa mgongo hunenepa, mfereji ukawa mwembamba, na neva ziendazo miguuni zikabanwa. Nikisimama au kutembea, miguu iliwaka moto na kufa ganzi kuanzia matakoni hadi kwenye nyayo. Nikikaa au kuinama mbele, nafuu ilikuja baada ya dakika chache, kwa kuwa kuinama huupanua mfereji kidogo. Mwaka wa mwisho kabla ya upasuaji sikuweza kusimama dakika tano. Nilikuwa sijawahi kufikiri ni mambo mangapi baina ya watu hufanyika wakiwa wamesimama: kusalimiana mlangoni, kumsindikiza mgeni, kuwa kando ya kaburi hadi mwisho. Nilianza kutoa udhuru. Mwanzoni watu walinisihi, kisha wakaacha kunialika, nami nikaona nafuu kwamba wameacha. Hilo ndilo linalonisikitisha hadi leo.

Kabla ya upasuaji nilijaza dodoso la Oswestry, linalopima jinsi maumivu ya mgongo yanavyomzuia mtu katika maisha ya kila siku, ambalo madaktari wa mgongo wamelitumia tangu miaka ya 1980. Lina sehemu 10, na kila sehemu ina sentensi sita zenye alama kuanzia 0 hadi 5. Nilijibu haraka hadi sehemu ya 9, inayouliza juu ya maisha ya kijamii, na hapo nikaweka alama kwenye sentensi inayosema kwamba maumivu yamenifungia nyumbani. Ndipo nilipoona kwa macho yangu nilipofika.

Upasuaji wenyewe sina cha kuulaumu. Daktari alinieleza wazi kwamba lengo ni kuondoa kinachobana neva, kwa hiyo maumivu ya miguu ndiyo yangetangulia kupungua, na maumivu ya kiuno pamoja na ganzi yangeweza kuchelewa au kubaki. Usiku wa kwanza nilichanganyikiwa, sikujua nilipo. Wenye wazee wajue kwamba hali hiyo hutokea baada ya nusu kaputi na kwa kawaida hupita. Asubuhi yake muuguzi alinifundisha kutoka kitandani: kukunja magoti, kugeuka ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo, kushusha miguu huku mkono ukisukuma godoro. Niliposimama nilingoja ule moto wa miguuni. Haukuja. Nilikaza mikono kwenye fremu ya kutembelea na kuhesabu kimoyomoyo hadi 100, muuguzi akidhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Lawama yangu ni kwa maandalizi ya kurudi nyumbani. Karatasi niliyopewa ilijaa makatazo ya wiki sita: usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu kizito. Ni makatazo ya haki, lakini hakuna aliyeniambia siku ya kuyaacha, wala lini nitoke, wala nikae na watu muda gani. Niliyashika miezi mitano. Binti yangu, kwa upendo, alipokea simu zangu na kuwaambia watu kwamba nimepumzika. Kliniki ilinipima nguvu za miguu na kuridhika. Nilikuwa natembea nusu saa kwa siku, peke yangu, nikizunguka ua.

Aliyebadili mambo ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Siku moja aliniuliza, "Mzee, hizi hatua unazofanyia mazoezi, zinakupeleka kwa nani?" Nilimtaja rafiki yangu wa miaka mingi. Basi akaifanya ziara hiyo kuwa zoezi: akauliza umbali, idadi ya ngazi, na aina ya kiti, akanifundisha kuinuka kwa kusukuma mikono ya kiti, na kusimama kila baada ya dakika 20 bila kuomba radhi. Tulirudia ngazi nne kwa wiki tatu.

Nilipofika, rafiki yangu alikuwa ameniwekea kiti kirefu chenye mto mgumu. Nilizungumza naye muda mrefu naye akawa ananiitikia kwa kichwa tu, hadi alipoushika mkono wangu na kunihamishia upande wa pili. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeacha kusikia, na mimi sikujua.

Upasuaji naupa alama nne kati ya tano, kwa kuwa vidole vya mguu wa kulia bado vina ganzi. Mazoezi tiba nayapa tano, na maandalizi ya kurudi nyumbani mbili. Anayemwandaa mzee wake kwa upasuaji kama huu amwulize daktari, kabla ya kulazwa, ni nani atakayemsaidia na ile sehemu ya 9 baada ya kidonda kufunga, na asikubali kujibiwa kwamba itarudi yenyewe.

Kila Alhamisi mimi na rafiki yangu hutoka pamoja. Hutembea polepole, tukipumzika ninapohitaji, nami hukaa upande wake wa kulia.